Umenunua pikipiki ya CG iliyokula barabara: kabureta iache ya mwisho

Pikipiki kuukuu ikikosa nguvu mlimani, ikizimika kwenye foleni au ikigoma kuwaka asubuhi, kitu cha kwanza kufunguliwa huwa ni kabureta. Inaeleweka kwa nini. Iko nje, inafunguka kwa bisibisi, na ukiisafisha unaona uchafu ukitoka kwa macho yako, moyo unatulia. Shida ni kwamba kwenye injini za CG kabureta husingiziwa kuliko inavyokosa. Ugonjwa huwa ni tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) iliyobana, hewa inayoingia kwa pembeni, plagi feki, au katundu ka hewa kwenye mfuniko wa tangi kalikoziba. Fundi anazungusha skrubu hadi injini inanguruma vizuri pale gereji, na baada ya siku tatu unarudi na tatizo lilelile, safari hii skrubu nayo imeshachezewa.

Kazi za wiki mbili za kwanza zimepangwa hapa ili kabureta ifikiwe mwisho. Mara nyingi zamu yake ikifika haihitaji kuguswa.

Kwanza uhakikishe ni injini gani. CG ni jina la Honda. CG125 ilitoka mwaka 1976, ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo, hupita vumbini, na oili hubadilishwa siku hela ikipatikana. Ndiyo maana kemshafti, mhimili unaofungua valvu, haikuwekwa juu kwenye kichwa cha silinda. Iko chini, karibu na oili, inaendeshwa na gia, na inasukuma roka (mikono midogo inayobonyeza valvu) kwa fito mbili ndefu, pushirodi. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala kukatika. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo iliyo ndani ya pikipiki nyingi za bei nafuu zilizojaa vijiweni Tanzania na Kenya kabla Boxer na TVS hazijashika soko. Ukiwa na Boxer au TVS, mpangilio wa kazi hapa utakufaa ila vipimo tafuta vya kwako.

Namba iliyogongwa ubavuni mwa injini inasema mengi. Ukiona 156FMI, ile 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapoozwa na hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. 162FMJ ni silinda ya milimita 62, daraja la cc 150. Pistoni zote mbili zinapanda na kushuka milimita 49.5, ndiyo maana vifaa vingi vya chini vinaingiliana na duka la spea likikuuzia kitu "cha 125" kwa injini ya 150 usishtuke, ilimradi si bloku, pistoni wala ringi. Herufi hizo hazikuambii kama ni fito au cheni, kwa sababu zipo injini za aina ya CB, zenye kemshafti juu na cheni, zenye namba zilezile. Ukifungua mfuniko wa juu na kuona ncha za fito zikigusa roka, hiyo ni CG.

Namba hiyohiyo, pamoja na ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, ilinganishe na kadi kabla hujashika spana yoyote. Injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa ni kesi inayokusubiri siku ya kubadilisha umiliki.

Mita ya kilomita isikudanganye. Kebo yake hukatika mapema na wengi hawairudishi. Pikipiki inasimuliwa na vitu vingine: raba za kukanyagia zilizolika upande mmoja, pedali ya gia iliyobaki chuma kitupu, meno ya sproketi, welding kwenye keria. Pikipiki iliyopiga mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) kwa miaka huonyesha nyufa pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu kwenye fremu, na pale keria ilipochomelewa. Pangusa matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha pitisha kucha. Ufa wa rangi tu haushiki kucha, wa chuma unashika.

Oili ndiyo kazi ya siku ya kwanza, hata kama muuzaji ameapa kwamba ameibadilisha jana. Washa injini dakika tano ipate moto, zima, fungua nati ya chini na uimwage kwenye beseni jeupe. Beseni jeupe ni muhimu kwa sababu oili inasomwa. Nyeusi ni kawaida. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na kwa kuwa injini hii haina maji ya kupoozea, yametoka mtoni, kwenye mvua au kwenye mpira wa kuoshea. Pitisha sumaku ndani ya beseni. Unga mwembamba wa chuma unaoshikana na sumaku kama matope ni uchakavu wa gia na klachi, vumilia. Vipande unavyovihisi kwa vidole ni jino la gia au beringi inayokatika. Mng'ao wa kijivu usioshika sumaku ni aluminiamu, yaani huenda pistoni inasagika, na hapo usiendeshe kwanza.

Kwenye nyingi za CG kuna kichujio cha waya chenye springi nyuma ya nati kubwa ya upande wa chini. Kitoe, kioshe kwa petroli, na ukumbuke springi ilikaaje. Kikirudi kinyume hakichuji kitu. Uzi wa nati hizi umo kwenye aluminiamu laini, na kwa pikipiki kuukuu nusu ya waliotangulia walikaza kwa hasira. Anza kuzungusha kwa vidole mpaka mwisho, weka washa mpya, ndipo ukaze kwa spana fupi. Uzi ukishakufa, dawa ni kuchonga uzi mpya au kuweka bushi, si gundi.

Oili mpya ni kama lita moja, 20W-50 au 20W-40, na kwenye chupa paandikwe JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki. Sababu si matangazo. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze: injini inalia, pikipiki haiendi. Usimwage lita nzima kwa mkupuo. Weka kama mililita 850, washa dakika mbili, zima, subiri dakika tatu, kisha pima pikipiki ikiwa wima kwenye stendi kubwa. Kijiti cha kupimia kifute, kiingize bila kukikaza uzi, kichomoe, ongeza kidogokidogo hadi alama ya juu. Ukikikaza, kinashuka zaidi na kukuonyesha oili ambayo haipo. Oili hiyo ya kwanza ni ya kuosha tu. Ibadilishe baada ya kilomita 500, halafu kila 1,500 kama unabeba abiria. Ile chafu usiimwage mtaroni. Waezekaji huitafuta kupakia mbao dhidi ya mchwa.

Kuna kichujio cha pili ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo. Upande wa kulia, nyuma ya mfuniko wa klachi, kwenye ncha ya krenki, kuna kikombe kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Uchafu unagandia humo kama ugali mweusi. Kikishajaa, uchafu unaendelea na safari hadi kwenye beringi ya konrodi, na mlio wake wa "kong kong kong" ukiongeza eksileta ndio mwanzo wa gharama za krenki. Kukisafisha kunahitaji gasketi mpya ya mfuniko na saa mbili. Fanya ndani ya mwezi wa kwanza, siku ileile utakapobadilisha oili ya pili, ili usimwage oili bure.

Kabla ya kuhangaika na nguvu, hakikisha inasimama. Breki za dramu zina mshale kwenye mkono wa breki. Ukikanyaga kwa nguvu na mshale ukafikia alama kwenye dramu, shuu zimekwisha hata kama bado nati ina uzi wa kukaza. Fungua gurudumu. Unene wa bitana ukiwa milimita 2 au chini, badilisha. Vumbi la humo lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Kemu inayosukuma shuu ipakwe grisi kidogo sana, maana ikiwa kavu breki inashika na kuchelewa kuachia, dramu inapata moto, na watu wanalaumu injini kwa kukosa nguvu. Pedali iwe na uchezaji wa milimita 20 hadi 30 kabla shuu hazijagusa. Kama mbele ni diski, oili yake ni DOT 3 au DOT 4, chupa mpya iliyofunguliwa leo. Oili ya injini humo ndani inaua raba zote.

Tairi lina namba nne ndani ya duara dogo la yai baada ya neno DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la zaidi ya miaka sita limekuwa gumu, na kwenye lami yenye maji ya mvua ya kwanza halishiki. Upepo kwa vipimo vya kawaida vya CG ni PSI 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Ule mtindo wa kujaza nyuma hadi tairi linalia kama ngoma huokoa mafuta kidogo na kumaliza katikati ya kashata haraka.

Cheni ni 428, na ina hesabu rahisi ambayo wachache huitumia. Umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo nafasi 20 ni milimita 254. Vuta cheni ikazike, pima kwa futi kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Ikifika 259, imekwisha, haijalishi inaonekana vipi. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huliwa ndani ya miezi michache. Ulegevu uwe milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini wa cheni, na upime ukizungusha gurudumu taratibu, kwa sababu cheni kuukuu haichakai sawasawa: ina sehemu iliyobana na sehemu iliyolegea. Weka kipimo kwenye sehemu iliyobana. Klipu ya kiungo ikae na upande wake uliofungwa ukielekea cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, jiwe moja linatosha kuing'oa.

Sasa tapeti, na hapa ndipo pa kukaa.

Valvu ya moshi kwenye injini hii inapokea joto kali na haina maji ya kuipoza. Njia yake kuu ya kupoa ni kukaa vizuri kwenye kiti chake kila mzunguko, ili joto lihamie kwenye kichwa cha silinda. Kadiri miaka inavyokwenda valvu huzama kidogokidogo kwenye kiti, na ikizama, shina lake hupanda na nafasi kati yake na roka hupungua. Yaani tapeti za CG kuukuu zinaweza kujibana zenyewe bila mtu kuzigusa. Nafasi ikifika sifuri, valvu haifungi kabisa. Gesi ya moto inapita kwenye upenyo mwembamba na kuichoma ukingoni. Dalili zake ni zilezile wanazopewa kabureta: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto haiwaki kwa kiki, sailensa (injini kuunguruma taratibu bila eksileta) inakufa kwenye foleni, nguvu imepungua. Kiki nayo inakuwa nyepesi.

Mafundi huchangia bila kukusudia. Mteja anakuja akilalamika kwamba injini inalia "chaka chaka", fundi anabana tapeti mpaka mlio unaisha, mteja anafurahi. CG ina fito ndefu, mlio mdogo ni wa kuzaliwa nao. Tapeti inayolia kidogo inakula nguvu kidogo na kupiga kelele. Iliyo kimya kabisa inakula valvu.

Kazi yenyewe ifanyike asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ondoa tangi upate nafasi, ondoa plagi, fungua mfuniko wa roka. Weka stendi kubwa, ingiza gia ya mwisho, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kuelekea mbele. Krenki inafuata taratibu. Tumbukiza mrija mrefu wa plastiki kwenye tundu la plagi na uushike usidondoke. Tazama roka ya upande wa kabureta: ikishuka na kupanda tena, hewa imeingia, na pistoni sasa inapanda kuibana. Mrija ukifika juu kabisa na kuanza kusita, simama. Roka zote mbili lazima zicheze kwa vidole. Kama moja imebana, huenda uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, kwa hiyo zungusha krenki mzunguko mmoja mzima na uangalie tena. Ikibana hata hapo, umempata mwizi.

Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya 0.08 ipite kwa kusita kidogo, kama unavyovuta karatasi chini ya kitabu, na ya 0.10 isiingie bila kulazimishwa. Legeza nati ndogo ya kufungia, zungusha skrubu yenye kichwa cha mraba, ishikilie isizunguke, kaza nati, kisha pima tena. Kupima tena ndiko kunakosahaulika, na kukaza nati kila mara kunahamisha skrubu. Kabla ya kufunga, tazama ncha ya skrubu na kichwa cha shina la valvu. Kama roka imechimba kishimo kidogo, fila geji inapita juu ya kishimo na kukupa kipimo cha uongo. Dawa ni skrubu mpya.

Rudia kipimo baada ya kilomita 1,000. Ikiwa ya moshi imejibana tena, kiti au valvu inakwisha na kichwa kitahitaji kufunguliwa. Ikiwa imebaki pale pale, huna haja ya kuigusa hadi kilomita 3,000 hivi.

Upande wa umeme, maelezo ni mafupi. Plagi ni D8EA ya NGK au D8TC kwa majina ya Kichina, spana namba 18, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Ikaze kwa vidole hadi ikae, kisha nusu mzunguko kama ni mpya, robo kama ni ya zamani. Aina nyingi za CG huwaka kwa koili ya magneti bila kutegemea betri, ndiyo maana kijiweni utaona pikipiki isiyo na betri kabisa ikiwaka kwa kiki. Lakini usiizoee hali hiyo. Weka betri, pima ukiongeza eksileta: volti 13.5 hadi 14.8 ni afya. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na itachemsha betri na kuunguza balbu moja baada ya nyingine. Ikikaa 12 bila kupanda, anza na soketi zilizoungua na waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi ya fremu.

Moshi nao usome kabla ya kukubali ovahoo. Wa bluu unaotoka unapowasha asubuhi kisha ukapotea ni sili za valvu, kazi ndogo. Wa bluu unaofuata kila unapovuta eksileta ni ringi na bloku. Silinda huchongwa kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na kipimo huandikwa juu ya pistoni. Ukikuta 100 au 1.00, hakuna pa kuchonga tena, nunua bloku. Na uangalie eakilina (kichujio cha hewa) kabla ya kulaumu ringi: sponji iliyoondolewa "ili ivute vizuri" kwenye barabara ya vumbi ndiyo iliyosaga ringi hizo. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, idondoshee oili ya injini, ikamue isichuruzike, irudishe.

Ndipo kabureta. Hata hapo, anza nje. Pikipiki ikizimika baada ya kilomita kadhaa na kuwaka ukifungua mfuniko wa tangi, ukasikia "fssss", tundu la hewa la mfuniko limeziba, petroli haishuki. Fungua kikombe cha koki ya petroli na umwage kutu na maji. Kisha, injini ikiwa sailensa, puliza maji ya sabuni kwenye kibao cheusi kilicho kati ya kabureta na kichwa cha silinda. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo, oringi imekufa au kibao kimepinda. Dalili nyingine ni pikipiki kutembea vizuri zaidi choki ikiwa nusu: inakosa petroli au inapata hewa ya ziada.

Kama yote hayo ni mazima, ifungue. Lakini kwanza zungusha skrubu ya mchanganyiko kwenda ndani taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse, uandike, ndipo uitoe. Jeti ndogo isitobolewe kwa waya wa spoku wala sindano. Tundu likipanuka hata kwa unywele, ulaji wa mafuta hautarudi tena. Tumia petroli na upepo wa kompresa. Ukirudisha, anzia mizunguko miwili nje, weka sailensa kwenye mizunguko 1,400 hadi 1,500 kwa dakika injini ikiwa ya moto, kisha tafuta kwa robo robo pale mlio unapokaa juu zaidi bila kusita.

Endesha kilomita tano kwa mwendo wa kawaida, zima, toa plagi. Rangi ya udongo wa chungu ni sawa, nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi, nyeupe ya chokaa ni hewa nyingi. Idadi ya mizunguko ya skrubu, tarehe ya oili, kipimo cha tapeti na urefu wa cheni viandike kwa kalamu ya rangi chini ya siti, mahali fundi yeyote atapaona kabla hajachukua bisibisi.